Mstari Mwekundu Nilioufuta

Jirani yangu wa ukuta mmoja, yule tunayemwita Mama Dirisha kwa sababu hajawahi kupitwa na jambo, anawaambia watu kwamba mimi nilimfuta mama mdogo wangu ubaoni kwa mkono wangu, nikijua ni yeye, ili afe nirithi cherehani zake mbili. Anasema ndege ya wagonjwa ilikuwa imeshawashwa ikazimwa kwa ajili yangu. Anaongeza kwamba nilisikika nikicheka.

Mama Dirisha hakuwepo. Kituoni kwetu hata kuku hapiti bila kitambulisho. Lakini uongo wake una kipande kimoja cha kweli, na hicho ndicho kinachonikosesha usingizi. Ni kweli nilifuta. Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu.

Kwa mliochelewa kuanza nami safari hii: mimi ni mfanya usafi katika kituo cha ndege inayobeba mahututi. Niliishia darasa la saba. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne, mdogo wake akanichukua, akanilea kwa cherehani yake, na yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Huyo ndiye mama mdogo. Sina mwingine.

Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi mtu wa redio pale kituoni alivyonioa kimya kimya, mashahidi wawili na soda nne, akaniomba kazini tusiseme.

"Sheria ya kituo hairuhusu mke na mume," aliniambia. "Tukijulikana, mmoja anafukuzwa. Na mtu wa redio hafukuzwi."

Basi nyumbani nikawa mke, kazini nikawa "dada wa usafi". Nilidhani ile ni siri ya mapenzi. Kumbe nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa sikilizeni habari ya ubao.

Chumba cha redio kina ubao mweupe. Zahanati ikipiga simu kuomba ndege, mtu wa redio anaandika mstari mmoja: namba ya kiwanja ndege inapotua, mke au mume, umri, ugonjwa. Jina haliandikwi ubaoni, linabaki kwenye daftari lake. Anayesubiri ndege huandikwa kwa wino mwekundu. Akishafikishwa hospitali, mstari wake unarudiwa kwa wino wa buluu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla daktari wa zamu hajaingia, mimi nafuta ya buluu.

Nyekundu siigusi. Nyekundu ni ya daktari peke yake. Yeye ndiye anayeamua ndege iende wapi kwanza, na huamua kwa kuutazama ubao, si kwa kuhadithiwa.

Asubuhi ile nilikuta mistari miwili myekundu. Wa juu: Namba 9, mke, miaka 51, tumbo. Wa chini: Namba 2, mke, miaka 32, kifafa cha mimba, damu.

"Futa huo wa juu," mume wangu akasema bila kugeuka.

"Huu ni mwekundu."

"Nimeuona. Si nimeuandika mimi?"

"Basi ufute wewe."

"Zahanati imepiga tena. Mgonjwa wao amepata nafuu. Unataka daktari apeleke ndege kwa mtu anayekunywa uji?"

"Mwambie daktari, afute mwenyewe."

Hapo akageuka. Akanipa lile tabasamu lake la nyumbani ambalo kazini huwa silioni. "Mke wangu, tangu lini umekuwa rubani?"

Nikacheka. Kama hicho ndicho kicheko anachokihesabu Mama Dirisha, sijui nani alimpelekea.

Nikafuta.

Wala roho haikunishtuka. Mama mdogo anakaa karibu na kiwanja namba 4. Namba 9 ni mbali, sikuwa na mtu kule. Sikujua kwamba wiki hiyo alikuwa amekwenda huko kushona sare za shule, na kwamba tumbo lilimshika akiwa ugenini.

Daktari akaingia, akautazama ubao, akaona mstari mmoja. Ndege ikaruka kwenda namba 2.

Ilirudi saa tatu. Mimi nilikuwa pembeni na ndoo yangu, maana ndege ikitua na damu mimi ndiye mtu wa tatu kuingia, baada ya daktari na wabeba machela. Wakamshusha mama kijana, tumbo kubwa, dripu mkononi, amefumba macho. Nyuma yake akashuka mama wa makamo. Ndege yetu ina kiti kimoja tu cha msindikizaji, na siku hiyo kilikuwa chake.

Yule mama akaangaza macho huku na huku, kisha akapaza sauti mpaka wabeba machela wakasimama.

"Mkwe! Mkwe wangu!"

Nikageuka kuona nani anaitwa.

Mume wangu alikuwa ametoka chumba cha redio. Mtu ambaye hata moto ukiwaka huwa hatoki. Alikuwa anakimbia.

"Mkeo ametutisha, baba," yule mama akamwambia, amemshika mikono yote miwili. "Lakini Mungu hajamtupa. Wajukuu nimewaacha kwa jirani, wote watatu. Yule mkubwa analia, anasema mwambieni baba."

Nikapiga hesabu pale pale, ndoo mkononi. Watoto watatu, na wa nne tumboni. Mimi nina miezi saba kwenye ndoa.

Macho yetu yakakutana juu ya bega la mkwewe. Nikasema moyoni, sasa atasema neno. Atasema hata uongo, mradi uwe wa kunisitiri.

"Dada wa usafi!" akaita. "Lete kitambaa. Mama ana damu kwenye viatu."

Nikapiga magoti, nikavifuta viatu vya mama mkwe wa mume wangu.

"Ahsante, mwanangu," akaniambia. "Mikono yako ina adabu. Umeolewa?"

"Nimeolewa, mama."

"Basi huyo mume ana bahati."

Mwenye bahati alikuwa ameshapanda gari la hospitali, ameketi karibu na machela.

Nikaingia chumba cha redio kudeki, maana sikujua mahali pengine pa kuificha sura yangu. Daktari alikuwa humo peke yake, anasaini karatasi. Simu ikalia. Akaipokea yeye.

"Kituo... Namba tisa? Hapana, hapa kwangu sina namba tisa." Akageuka kuutazama ubao. "Tangu saa kumi alfajiri? Mmemlaza uwanjani, juani? Nani aliwaambia tunakuja?... Sawa, sawa, usilie, nesi. Nipe jina la mgonjwa."

Akawa analirudia jina huku akiliandika, silabi kwa silabi, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Mti wa deki ukanidondoka.

"Unamfahamu?" daktari akauliza.

"Ni mama yangu."

Akaiweka simu chini polepole. Daktari wetu ni mtu wa maneno machache. Akigomba, sauti inashuka badala ya kupanda, ukisikia hivyo ujue maji yamezidi unga.

"Waliomba ndege tangu alfajiri. Mstari wao nani kaufuta?"

"Mimi."

"Kwa amri ya nani?"

Nikafungua mdomo. Rubani akaingia, kofia mkononi. Tunamwita Kapteni, na hana subira na kitu chochote kilichopo ardhini.

"Daktari, nimesikia namba tisa. Mafuta ninayo, lakini ndani kumechafuka damu mpaka kwenye reli za machela. Siwezi kumlaza mgonjwa mwingine humo."

"Dada," daktari akaniambia, "utanijibu baadaye. Nenda kasafishe ndege."

Wasomaji, mnaijua kazi hiyo? Damu huanzwa na maji ya baridi. Ya moto yanaifanya ing'ang'anie. Unavua shuka na mkeka wa machela. Unafungua mikanda, unasugua kila kishikizo, maana damu hujificha kwenye kishikizo. Kisha unapuliza dawa ya kuua vijidudu, unafungua milango yote miwili, na hapo unasimama. Dawa lazima ikae dakika kumi bila kuguswa. Ukiifuta kabla, umefuta bure.

Niliisugua damu ya mke mwenzangu ili mama yangu apate pa kulala. Sikumchukia. Sikuwa na nafasi.

"Kumi zimetimia?" Kapteni akauliza kutoka chini ya bawa.

"Bado tatu."

"Dada, ni mama yako anayesubiri!"

"Ndiyo maana nasema bado tatu."

Akanitazama, akavua kofia, akaivaa tena.

Ndege iliruka saa tano kasoro, na Sista, muuguzi wetu wa angani, akiwa ndani. Safari ya namba 9 ni saa moja na nusu kwenda tu. Mume wangu alikuwa amesharudi kitini, vipokea sauti masikioni, anaongea na Kapteni kwa lugha yao ya namba na upepo. Mwenzake wa zamu huingia jioni. Daktari hajui kutumia redio, huwa anasema ile mashine inamchukia.

Daktari akatusimamisha pale pale. Au tuseme alinisimamisha mimi, maana mume wangu alikuwa ameketi.

"Huyu dada anasema yeye ndiye aliyefuta namba tisa."

Mume wangu akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. "Daktari, naomba radhi kwa niaba yake. Nimemkataza mara ngapi kugusa nyekundu? Lakini ndiyo hivyo, darasa la saba. Kwake rangi zote ni uchafu tu."

Hivyo ndivyo alivyosema. Mimi ndiye ninayemsomea barua za benki nyumbani, kwa sababu hupenda kusikiliza huku amefumba macho.

"Ni kweli?" daktari akanigeukia.

Redio ikakoroma. Kapteni anauliza habari ya mawingu. Mume wangu akamjibu haraka, kidole kwenye swichi, jicho kwenye ramani.

Nikamtazama yule mtu kitini, nikaitazama redio, nikaelewa kitanzi changu. Nikimtaja, daktari atamwinua saa ile ile. Namfahamu. Na ndege iko hewani inakwenda kumchukua mama mdogo, na anayeijua njia yake ni huyu mwongo peke yake.

"Daktari," nikasema, "niulize ndege ikishatua."

"Nitakuuliza. Na mama huyo akifa, swali hilo hataliuliza daktari tena. Ataliuliza polisi."

Saa saba kasorobo sauti ya Kapteni ikaja: wamemkuta hai. Lakini jua lilikuwa limepanda, na hewa ya joto hainyanyui ndege vizuri, tena kiwanja namba 9 ni kifupi. Alfajiri wangebeba mgonjwa na msindikizaji bila shida. Mchana ule ilibidi wamwache chini shoga yake aliyemleta zahanati.

"Tunamleta peke yake," Kapteni akasema. "Sista anasema utumbo umejisokota. Kila dakika ina thamani yake."

Ndege ilipobakiza nusu saa kutua, daktari akatoka kwenda kuandaa gari na kuwapigia wapasuaji. Tukabaki wawili.

Nikafunga mlango.

"Ulijua ni nani?"

"Punguza sauti."

"Jina lake liko kwenye daftari lako, mwandiko wako. Jumapili iliyopita ulikula kwake, ukaomba uongezewe. Hilo shati ulilovaa alikushonea yeye."

Akaangalia chini, kwenye vifungo, kana kwamba shati ndilo lililoulizwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimevaa nguo aliyoishona mama yangu.

"Nilijua," akasema.

Niliposikia hivyo nikatamani angeendelea kunidanganya.

"Ningefanya nini?" akanong'ona. "Ndege moja, wanawake wawili. Wako alitangulia kuandikwa. Daktari angempeleka kwa wa kwanza."

"Angeona mistari miwili angeomba ndege ya kituo cha jirani. Nimemwona akifanya hivyo mara mbili, nikiwa nadeki humu humu. Mara zote mbili walikubali. Na simu ulipiga wewe!"

Akaigeukia ramani.

"Hilo ulilijua pia."

"Na wangekataa je? Watoto wangu wangekosa mama."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu mzima."

Nikaketi kwenye ndoo yangu iliyofunikwa.

"Kwa hiyo mimi ni nani kwako?" nikauliza. "Nijibu kwa Kiswahili chepesi, mimi ni wa darasa la saba."

"Usianze. Nakupenda, unajua nakupenda. Sikiliza." Akavuta kiti karibu. "Daktari atakuuliza. Sema ulifuta kwa bahati mbaya. Wewe watakuonya tu, mfanya usafi hafungwi kwa kosa la kitambaa. Mimi nitafungwa. Wale watoto watatu watakula nini? Yule pale hospitali nani atamtunza?"

"Na kama mama mdogo akifa?"

"Hatakufa."

"Umekuwa daktari sasa?"

Redio ikakoroma. Tukaruka sote wawili.

"Kituo, hapa ndege. Dakika ishirini na tano. Presha inashuka. Sista anataka kusema."

Sauti ya Sista ikaja, imechanganyika na mngurumo. Ni mwanamke ambaye nimemsikia akiimba huku ameshika mshipa wa mtu unaovuja. Hakuwa anaimba.

"Kituo, mgonjwa anataka kulala na sitaki alale. Hana ndugu humu ndani, ananijibu mimi kidogo tu. Anamwita binti yake. Naambiwa binti ni dada yetu wa usafi. Mleteni kwenye redio aongee naye. Sauti yake tu. Nimemwekea kipokea sauti sikioni."

Nikasimama, nikanyoosha mkono.

Mume wangu akafunika swichi kwa kiganja chake.

"Apa kwanza," akasema.

"Nini?"

"Apa kwamba utasema ulifuta mwenyewe. Neno moja tu, kisha kiti hiki hapa, keti uongee naye mpaka watue."

"Ondoa mkono."

"Apa kwa jina lake."

Nikamshika kiganja kwa mikono miwili. Mikono yangu inakamua deki tangu nina miaka kumi na sita, haikosi nguvu. Lakini akaweka mkono wa pili kwenye waya wa umeme, pale unapoingia ukutani.

"Ukinivuta, nitaanguka na waya huu. Redio itazima. Nani ataiwasha? Wewe?"

Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa analia. Mtu anaweza kukufanyia unyama huku analia, hilo shuleni hawakutufundisha.

"Naomba, mke wangu," akasema. "Sijawahi kukuomba kitu."

Nje nikasikia gari la hospitali likirudi nyuma kuelekea uwanjani, na daktari akiita wabeba machela. Mlango ule nilikuwa nimeufunga mwenyewe.

"Kituo?" Sista akaita. "Kituo, mnanipata?"

Kiganja hakikuondoka.

"Kituo, amefumbua macho. Anasema, mwanangu yupo? Anauliza tena. Jamani, kama kuna mtu hapo, amjibu."